Mbwa ana kinundu: ni jipu, ni mafuta au ni saratani?

Jioni unamkuna mbwa wako shingoni, vidole vinagota kitu chini ya ngozi. Ni kidogo, mfano wa punje ya kunde, na wiki iliyopita hakikuwapo. Hujamwuliza mtu lakini ushauri umeshafika. Jirani anasema ni jipu, liache liive. Muuza duka la dawa za mifugo anapendekeza sindano ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria. Kijana wa gereji ana oili chafu kwenye kopo. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa yupo anayeapa kwamba hiyo ni kansa, mbwa auawe tu kwa sindano asiendelee kuteseka.

Karibu kila mmoja wao amewahi kumwona mbwa mwenye uvimbe, na anachokisema ndicho alichokiona kwa mbwa yule. Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Uvimbe si ugonjwa mmoja. Ni sawa na kusema gari limezimika njiani: huenda mafuta yameisha, huenda injini imeungua, na kwa aliyesimama barabarani magari yote mawili yanafanana.

Tuweke maneno sawa kwanza. Uvimbe ni jina la jumla la sehemu yoyote ya mwili iliyojaa au kutokeza kuliko kawaida yake. Jipu ni mfuko wa usaha, yaani uwanja wa vita kati ya mwili na bakteria ambao mwili wenyewe umeuzungushia ukuta. Kifuko ni mfuko mdogo wa ngozi uliojaa majimaji au uji mzito mweupe. Uvimbe wa mafuta ni seli za kawaida za mafuta zilizojikusanya mahali pamoja. Tezi, hapa tukimaanisha tezi za limfu, vituo vidogo vya ulinzi wa mwili, ni kitu ambacho mbwa huzaliwa nacho. Huonekana pale tu zinapovimba. Na saratani, au kansa, ambayo ni kitu kilekile, ni seli zilizoacha kutii amri ya kuacha kuzaliana. Kinachoitambulisha si ukubwa wala maumivu. Ni tabia yake ya kupenya nyama iliyo jirani na kusafiri kwa njia ya damu au tezi hadi kwenye mapafu, ini na kwingineko. Uvimbe usio na tabia hiyo unaweza kufika ukubwa wa embe dodo na usiwe saratani, na saratani inaweza kuwa ndogo kama njegere, isiume hata kidogo. Kwa hiyo ile kauli ya "haimuumi, basi si kitu" ifutwe mapema.

Kabla hujaogopa, angalia kama ni uvimbe kweli

Kitu kinachovutwa kimakosa kuliko vyote ni chuchu. Mbwa kwa kawaida ana chuchu nane hadi kumi, jike kwa dume, zimepangwa safu mbili kutoka kifuani hadi kinenani. Dume wengi wamechubuliwa tumboni na watu waliodhani wamekamata kupe. Ukikuta kidoti tumboni, tafuta mwenzake upande wa pili, ukimpata, acha.

Kupe aliyeshiba ana rangi ya kijivu, amejaa kama mbaazi iliyolowekwa, na ukiinamisha macho utaona miguu yake pale anapogusana na ngozi. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota. Usimchome kwa njiti ya kibiriti wala kummwagia mafuta ya taa, kwa kuwa kupe aliyevurugwa hutapika ndani ya jeraha na kuacha humo vijidudu vya homa. Mahali alipotoka hubaki kinundu kigumu kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili. Hicho kinapungua. Kikianza kuongezeka, ni jambo jingine. Vivyo hivyo kwa kinundu kinachobaki pale sindano ya chanjo ilipochomwa.

Mwanza ni mji wa mawe na sakafu za saruji, na mbwa mzito anayelala juu ya vitu hivyo hupata mfuko laini wa maji kwenye kiwiko cha mguu wa mbele, mmoja au yote miwili. Ni namna mwili unavyojitengenezea mto. Kosa linalofanyika hapa ni kuutoboa: maji hutoka, hurudi baada ya siku chache, na safari hii yanarudi na usaha, kwa sababu sindano imeingiza bakteria mahali palipokuwa safi. Dawa ya kwanza ni malazi. Chukua kipande cha godoro kuukuu, kishonee ndani ya gunia, mtandikie pale anapopenda kulala, si pale unapopenda wewe alale.

Sikio lililojaa ghafla kama andazi ni damu iliyovujia kati ya ngozi na gegedu baada ya mbwa kutikisa kichwa mno. Chanzo kiko ndani ya sikio, mara nyingi ni kupe, utitiri au uchafu ulioota fangasi, na ukitibu andazi bila kutibu kinachomtikisisha kichwa, litarudi. Kinundu laini kwenye kitovu cha mbwa mdogo, kinachoingia ndani ukikibonyeza polepole, ni ngiri. Inasubiri upasuaji wa kupangwa. Lakini ikiwa ngumu, ikamuuma, akaanza kutapika, haisubiri tena hata usiku mmoja: utumbo umebanwa.

Kuna kundi moja linalostahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu huku kwetu ni la kawaida na watu huliharibu kwa mikono yao wenyewe. Ni vinundu vya funza wa ngozi, si wale wa kwenye vidole vya miguu, bali mabuu ya nzi anayetaga kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini. Ndiyo sababu bibi anakazania kila nguo ipigwe pasi, hata vazi la ndani. Buu hupenya ngozi bila mbwa kujua na kukaa humo siku nane hadi kumi na mbili likinenepa. Kinachoonekana ni kinundu kama chunusi kubwa, chenye tundu dogo katikati. Ukikitazama kwa utulivu kwenye mwanga utaona kidoti kinachopanda na kushuka tunduni: ni buu linapumua.

Basi liondoe kwa kulinyima hewa. Vaa glavu, punguza manyoya, paka Vaseline nene ifunike tundu kabisa, subiri kama nusu saa. Buu litajisogeza juu kutafuta hewa. Weka vidole gumba viwili pembeni kabisa mwa kinundu, chini yake, si juu yake, ubinye ukisukuma kwenda juu. Likichomoza, lishike kwa kibano ulitoe zima, taratibu. Likigoma, ongeza mafuta na usubiri tena; usilivute likakatika, maana kipande kinachobaki ndani huamsha uvimbe mkubwa kuliko wa mwanzo. Osha kwa maji ya chumvi. Mtoto wa mbwa mwenye vinundu vingi, hasa anayezubaa na kukataa kunyonya, apelekwe kwa daktari badala ya kuminywa kimoja kimoja mchana kutwa. Wakati huohuo badilisha mahali wanapolala, maana mchanga ule bado una mayai.

Jipu, ndoano na uvimbe wa ghafla

Jipu lina saa yake. Hutokea ndani ya siku mbili hadi nne, lina joto, linauma, na mbwa mara nyingi ana homa na amepoteza hamu ya kula. Chanzo ni jino la mbwa mwenzake, mwiba, kipande cha kijiti au mfupa. Uvimbe uliotokea taratibu kwa miezi miwili, baridi, usiouma, si jipu, hata kama mtaa mzima umepiga kura.

Nyumbani unaweza kulikanda. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, bila kukijaza kilima, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi joto la kuvumilika kwenye kiganja. Lowesha kitambaa safi, weka juu ya jipu dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku. Likipasuka, endelea kuosha kwa maji hayohayo na uache wazi. Usizibe tundu kwa unga wa dawa wala majivu. Ngozi ikifunga juu huku usaha upo chini, unaanza upya. Na usilikamue. Ukuta wa jipu ukipasukia ndani, usaha husambaa chini ya ngozi. Hapa pia ndipo ile OTC inaposhindwa: dawa husafiri na damu, na ndani ya usaha damu haipiti, kwa hiyo sindano tano hazifiki pale tundu moja lililotobolewa na daktari upande wa chini, ili usaha umwagike wenyewe, linapofika mara moja. Dawa ya bakteria huja kusaidia baada ya hapo, si badala yake.

Jipu lililotokana na kuumwa lina swali lake la ziada: aliyemuuma ni mbwa wa nani, na mbwa wako ana chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu? Kama aliyeuma hajulikani, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Na kama uliosha jeraha kwa mikono yenye mchubuko, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ueleze ulivyofanya.

Mbwa wa mialoni, kuanzia Kirumba hadi Igombe na Kayenze, wana matatizo yao. Wanaishi kwa vichwa vya sangara na mabaki ya nyavu, na humo mna ndoano. Mdomo au shavu likivimba upande mmoja, mate yanachuruzika, anakwangua uso kwa mguu, fungua mdomo utazame. Ndoano iliyopita kwenye mdomo usiivute kwa kurudi ilikoingilia. Ile ncha ndogo ya kinyume inayomzuia samaki kuchomoka itachana nyama. Hupitishwa mbele, ncha ikakatwa kwa koleo, sehemu iliyobaki ikarudi bila kuumiza, na kwa mbwa anayejitambua kazi hiyo inahitaji dawa ya usingizi. Na ukiona uzi wa mshipi unaning'inia mdomoni au umetokeza nyuma, usiuvute kabisa. Ndani unaweza kuwa umekunja utumbo kama kamba ya mfuko, na kila ukivuta, unakata.

Uvimbe chini kidogo ya jicho, unaopasuka, kupona na kupasuka tena, tafuta jino. Mzizi wa gego kubwa la juu ukioza, usaha hutokea hapo.

Uso mzima unaovimba ndani ya nusu saa ni nyuki, mdudu mwingine, au nyoka aliyekuwa kwenye nyufa za mawe. Kifutu huuma mbwa puani au mguuni, na uvimbe wake hupanda huku ukibadilika rangi. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Mbebe asitembee na umwahishe. Akianza kukoroma au ulimi ukibadilika rangi, njia ya hewa inaziba; hapo hakuna suala la kusubiri asubuhi.

Saratani inayohama kama marando

Watu huuliza kama saratani ya mbwa inaambukiza watu. Haiambukizi. Lakini ipo moja inayotoka mbwa kwa mbwa, na kwenye miji yenye mbwa wengi wanaozurura ni ya kuifahamu kuliko nyingine zote. Wataalamu huiita uvimbe wa zinaa unaoambukiza.

Ili kuielewa, fikiria viazi vitamu vya Usukumani. Hupandi mbegu, jirani anakukatia marando, unayachomeka kwenye tuta lako, na kiazi utakachovuna kwa kweli ni mmea uleule wa jirani, ulioupata kwa mwingine, aliyeupata kwa mwingine. Saratani hii iko hivyo. Hakuna kirusi wala bakteria anayeisababisha. Seli zenyewe, zikiwa hai, hubanduka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine wakati wa kupandana, kulambana au kunusana. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba uvimbe ulio kwa mbwa wa Afrika, Asia na Amerika ni uzao wa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa yule alikufa zamani. Rando lake bado linapandwa.

Huota kwenye uume au ukeni, wakati mwingine puani na mdomoni. Una sura ya koliflawa, mwekundu, mlaini, unavuja damu ukiguswa. Wengi wenye mbwa hawauoni. Wanachoona ni matone ya damu sakafuni. Kwa dume husema ana ugonjwa wa mkojo. Kwa jike husema yuko kwenye joto. Joto la kawaida halitoi damu zaidi ya wiki tatu, kwa hiyo jike anayedondosha mwezi wa pili anahitaji kuchunguzwa, na dume anayejilamba mchana kutwa anahitaji govi lake lirudishwe nyuma litazamwe.

Habari njema ni kwamba hii ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri. Daktari huchoma vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida mara nne hadi sita, na uvimbe huyeyuka mbele ya macho. Kinachoharibu matibabu ni haraka: baada ya sindano mbili damu inakata, mwenye mbwa anaona amepona, haji tena, na masalia yanaota upya. Dawa hii si ya kuchomewa uani na mtu yeyote mwenye bomba la sindano. Ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama. Katika siku chache baada ya kila sindano, mkojo na kinyesi cha mbwa vishikwe kwa glavu, na mama mjamzito asihusike na usafi huo. Wakati wote wa matibabu mbwa afungiwe asikutane na wenzake. Kumkata tu uvimbe bila dawa mara nyingi huishia kwa uvimbe kurudi.

Kwa jike mzee, hofu iko kwenye matiti. Mpindue mgongo chini, pitisha vidole safu moja baada ya nyingine, ukibinya taratibu kila titi kati ya kidole gumba na cha shahada. Kokoto ndogo, hata kama punje ya mchele, haipaswi kuwapo. Vinundu vya matiti kwa mbwa, takriban nusu yake huwa saratani, na udogo wake ndio wakati mzuri wa kuvikata. Jike aliyefungwa kizazi mapema maishani hupata tatizo hili mara chache zaidi. Kinyume chake, ile sindano ya kuzuia joto ambayo watu huwapa majike wao wasisumbuliwe na madume, ya aina ileile ya homoni wanayochomwa kina mama, huongeza hatari ya uvimbe wa matiti na ya usaha kwenye kizazi. Ni rahisi kwa bei ya leo tu.

Tezi nazo zina mahali pake pa kujulikana. Gusa chini ya kona za taya, mbele ya bega, na nyuma ya goti la mguu wa nyuma, pale unapokunjika. Nyuma ya goti ndiko rahisi: kwa mbwa mzima utasikia kitu kama punje ya mahindi kinachoteleza, pande zote mbili sawa. Ikivimba moja, tafuta jeraha au jino karibu nayo. Zikivimba nyingi kwa pamoja, daktari atataka tone la damu kwenye kioo kwanza, kwa sababu vijidudu vya kupe, na kwa mbwa aliyetoka kwenye mapori yenye mbung'o vijidudu vya nagana (malale ya mifugo), huzivimbisha; vikikosekana, ndipo saratani ya tezi inapofikiriwa.

Na kuna saratani moja yenye hila. Hutokea kwenye ngozi, leo imejaa, kesho imenywea, keshokutwa imejaa tena na kuwasha. Mwenye mbwa hufurahi ikinywea. Ni saratani ya seli zinazohifadhi kemikali ileile inayovimbisha ngozi mtu akiumwa na nyuki. Kila ukiitomasa inaimwaga kemikali hiyo. Kupungua kwake si kupona. Ndiyo sababu mojawapo ya kutominyaminya uvimbe usioujua.

Kwa nini kidole hakitoshi

Utasoma kwamba uvimbe laini unaoteleza chini ya ngozi ni mafuta, na ule mgumu ulioshikamana na nyama ni saratani. Kama mwelekeo, sawa. Kama jibu, hapana. Ile saratani yenye hila inaweza kuwa laini na kuteleza kama mafuta, na daktari mwenye miaka thelathini kazini, akitegemea vidole peke yake, anabahatisha kama wewe. Tofauti yake ni kwamba yeye ana sindano na darubini.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Daktari huchukua sindano nyembamba ya kawaida, huishikilia ndani ya uvimbe akielekeza pande tatu nne, hupuliza kilichoingia kwenye kioo, hukisambaza, hukikausha kwa hewa na kukitia rangi. Mbwa wengi hawahitaji usingizi. Wanasikia kama chanjo. Mafuta huonekana kama matone yanayong'aa yasiyokauka, usaha una sura yake, na seli za saratani nyingi zina yao. Imani kwamba kuutoboa uvimbe kunausambaza huwafanya watu wangoje mpaka umefika mahali haukatiki. Kwa vinundu vya ngozi hatari hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na hatari ya kutojua.

Uende lini? Uvimbe uliofika sentimita moja, kama njegere, au uliokaa mwezi mzima bila kuondoka, uchomwe kipimo. Usisubiri mwezi kama unakua kwa kasi, umepasuka, umebadilika rangi, uko kwenye titi, mdomoni au sehemu za siri, au mbwa anakonda.

Kazi yako wewe ni kupima na kuandika. Rula ya shule inatosha. Au zungusha uzi, kisha unyooshe kwenye rula. Piga picha ukiweka sarafu ya shilingi 200 kando. Andika tarehe, mahali hasa ("ubavu wa kushoto, vidole vinne nyuma ya kiwiko"), urefu na upana. Na usidanganywe na namba ndogo. Tanki la maji lenye futi mbili kila upande halibebi mara mbili ya tanki la futi moja. Linabeba mara nane. Uvimbe uliotoka sentimita moja kwenda mbili nao umeongezeka mara nane.

Kabla ya kwenda, usiupake GV wala ile dawa ya bluu ya kupuliza, kwa kuwa daktari anahitaji kuona rangi ya ngozi. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala panado. Mbwa si mtu mdogo: mbili za kwanza hutoboa tumbo lake na kuharibu figo, ya tatu huumiza ini. Oili chafu ibaki gereji. Mbwa huilamba yote. Kama uvimbe unauma, mfunge mdomo kwa kitambaa chenye urefu wa kama mita moja: zungusha juu ya pua ufunge fundo, rudisha chini ya kidevu ufunge tena, kisha pitisha nyuma ya masikio ufunge kwa fundo la kufunguka haraka. Usimwache hivyo zaidi ya dakika chache, hasa juani, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na usimfunge kabisa anayetapika au anayepumua kwa shida.

Afisa mifugo wa kata ni mtu wa kuanzia, atachanja, atatoa huduma ya kwanza na kukuelekeza. Upasuaji ni wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, na kumwuliza namba yake ya usajili si kumvunjia heshima. Mwanza kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA), na vipande vinavyohitaji uchunguzi wa kina vinaweza kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mwachie daktari aamue kipi kiende wapi. Anayetoka Sengerema sasa hana kisingizio cha foleni ya kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa.

Ikiamuliwa kukata, mbwa mzima asile kuanzia usiku uliotangulia. Maji anywe hadi asubuhi. Uvimbe uliokatwa usitupwe, hata kama daktari ana uhakika. Kipande huwekwa kwenye chupa ya mdomo mpana yenye formalini asilimia 10, ujazo wa dawa mara kumi ya ujazo wa nyama. Kikiwekwa kwenye spiriti au kikagandishwa kwenye friji, maabara itapokea kitu kisichosomeka. Kinachotafutwa humo si jina la uvimbe tu, bali pia kama kingo zilizokatwa ni safi au kuna seli zilizobaki mwilini.

Nyumbani, adui ni ulimi na nzi. Kola ya kuzuia kulamba hutengenezwa kwa ndoo ya plastiki ya lita kumi: toboa kitako kwa ukubwa wa shingo, zungushia ukingo huo kitambaa, toboa matundu manne ya kamba uifunge kwenye mkanda wake, na hakikisha anafikia bakuli la maji. Mlaze ndani au chini ya neti, kwa sababu nzi akitaga kwenye mshono, mabuu huonekana ndani ya siku moja au mbili. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Siku hiyo ulizia pia karatasi ya majibu kutoka maabara.